Tupa za baba na visu vinavyokatika kama sahani

"Mzee fundi, baba alikuwa seremala Gikomba, akaniachia debe la tupa kuukuu. Nimejaribu mara mbili kuzigeuza visu. Ya kwanza niliichoma kwa makaa nyuma ya nyumba hapa Umoja, Jumamosi mchana, hadi ikawa nyekundu kabisa, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikasikia 'tii', kuangalia, ina ufa kutoka makalini hadi katikati. Ya pili nikatumia oili chafu ya gari. Hiyo haikupasuka, na ilikuwa ngumu sana. Nikaitia mpini, nikainoa, ikanyoa hadi nywele za mkono. Siku ya tatu mtoto akaiangusha kwenye sementi, ikakatika vipande viwili. Fundi mmoja wa Kamukunji ameniambia tupa haifai kisu, nitafute springi ya gari. Ni kweli?"

Kijana, pole. Kabla ya yote, vile vipande viwili najua bado unavyo, maana hakuna anayetupa haraka kitu alichokitolea jasho. Vitoe nje uangalie palipokatikia. Ukiona kijivu laini, kama ukingo wa kikombe kizuri kilichovunjika, chuma chako kilikuwa na afya. Ukiona punje zinazometameta kama sukari, ulikichoma kupita kiasi. Na ukiona upande mmoja wa mkato ni mweusi na uliobaki unang'aa, basi mtoto msamehe: ufa ulikuwepo tangu siku ile ya oili, na sementi ilimalizia tu.

Mimi nabashiri sukari. Nabashiri hivyo kwa sababu ya maneno mawili uliyoandika mwenyewe kuhusu ile ya kwanza, "Jumamosi mchana"; nadhani na ya pili uliichoma mwangani vilevile.

Mafundi wetu tumewaita jua kali, na ni jina la heshima, lakini kwenye kazi hii jua kali ni adui. Chuma chenye nyuzi 780 kikiwa ndani ya banda lenye giza kinawaka wekundu wa wazi ambao hata mtoto atauona. Kitoe nje saa saba mchana, utakiona kama hakijapata moto. Basi unaongeza makaa, unapuliza, unangoja, na wakati macho yako yanaridhika kwamba "sasa ni nyekundu kabisa", chuma huenda kimeshapita nyuzi 900. Katika joto hilo chembe zake hunenepa, na chuma chenye chembe nene hukatika kirahisi hata ukifanya mengine yote sawasawa. Ndiyo maana mhunzi hupenda banda la giza, hata kama majirani watamdhania mchawi.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililoua kisu cha pili: ulikipa chuma moto mmoja badala ya miwili. Kutia matiko, yaani kukichoma chuma na kukipoza ghafla, ni nusu ya kazi. Chuma kikitoka kwenye maji au mafuta kiko katika hali ngumu kuliko zote, na pia dhaifu kuliko zote, kama kioo. Lazima kirudishwe kwenye joto dogo, kikae humo kwa muda, kipoteze ugumu kidogo na kupata uvumilivu. Mimi huiita hatua hiyo kukituliza chuma. Wewe uliiruka ukaenda moja kwa moja kwenye mpini, na ile kunyoa nywele ikakudanganya, kwa sababu kioo nacho hunyoa.

Sasa, kuhusu yule fundi wa Kamukunji. Hakukudanganya, ila alikujibu swali ambalo hukumuuliza. Springi bapa za gari zina kaboni ya karibu asilimia 0.6, na zimetengenezwa kwa kazi ya kupigwa na kurudi. Ukitaka panga, sime au shoka, mfuate yeye. Tupa nzuri ina kaboni ya asilimia 1 hivi na zaidi, wakati mwingine hadi 1.3. Kaboni hiyo ndiyo inayoipa makali yanayokaa, na ndiyo hiyo hiyo inayoifanya isisamehe makosa. Kisu cha jikoni, cha kuchinjia au cha kuchonga mbao kwa tupa ni kisu kitamu. Panga kwa tupa silipendekezi kwa mtu yeyote ninayempenda.

Lakini si kila tupa ni feleji tupu, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha mpaka ndani. Nyingine za bei rahisi ni chuma laini kilicholishwa kaboni juu juu tu, ngozi ngumu na moyo mlaini. Ukisaga ngozi ile, umebaki na kijiko. Za zamani zenye chapa ya Sheffield, au zile za Nicholson, kampuni iliyoanzishwa Providence, Marekani, mwaka 1864, mara nyingi ni feleji mpaka ndani, ila chapa isikuzuie kupima. Vaa miwani, gusisha ncha kwenye grainda. Cheche zikipasuka kuwa vinyota vingi vyenye matawi karibu na jiwe, kaboni ipo. Zikiruka kama nyuzi ndefu zilizonyooka, vinyota vya kuhesabu, achana nayo. Ukitaka uhakika kamili, bana sentimita mbili za ncha kwenye jiliwa, funika kwa kitambaa kizito, piga nyundo. Feleji itakatika mara moja na mkato wake utakuwa wa kijivu sawasawa kutoka upande hadi upande. Ikipinda kwanza, au mkato ukionyesha ukanda mwembamba kuzunguka moyo wa rangi nyingine, hiyo mrudishie debe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ningependa uanze, wala si kwenye makaa. Tupa ya baba yako ilishatiwa matiko kiwandani, na watu wenye tanuri bora kuliko langu na lako. Ugumu unaoutafuta uko ndani tayari, tena umezidi. Kwa vipimo vya ugumu viitwavyo Rockwell C tupa huwa na 60 na kitu, wakati kisu cha jikoni kinataka 58 hadi 61. Kwa nini basi uuondoe wote kwa makaa halafu uhangaike kuurudisha? Upunguze tu. Hiyo ndiyo njia ya mtu asiye na tanuri, na visu vyangu viwili ninavyovitumia nyumbani nilivitengeneza hivyo.

Osha tupa kwa sabuni na brashi ya waya hadi mafuta yote yatoke. Iweke kwenye oveni, nyuzi 200 hadi 220, saa mbili kamili. Itoe, iache ipoe, uirudishe saa mbili nyingine. Ukiisugua kwa msasa kabla ya kuiweka, utaona inageuka rangi: kwanza manjano hafifu ya nyasi kavu, halafu rangi ya asali. Ikifika kahawia umepita nyuzi 250, na bluu ni kama 300, ambapo makali ya kisu cha jikoni yameshaaga. Ila usiziabudu rangi hizo. Zinategemea pia muda, na chuma kilichokaa saa mbili kwenye nyuzi 200 kinaweza kuwa na rangi ya kile kilichokaa dakika mbili kwenye 230. Uamini kipimajoto.

Na si namba za kwenye kitufe cha oveni. Oveni nyingi za nyumbani ni waongo wenye tabasamu. Hupanda na kushuka nyuzi 20 au 30 bila kukuambia. Nunua Luthuli Avenue mita ya umeme ya kawaida yenye ule waya wa kupimia joto. Weka tupa ndani ya trei iliyojaa mchanga mkavu, uchomeke ncha ya waya humo humo kando yake. Mchanga hufyonza ile panda-shuka. Ukitaka kuijaribu mita kwanza, itie kwenye maji yanayochemka, lakini kumbuka uko Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Nilishamwona kijana akirudisha mita nzima dukani kwa hasira kwa sababu imegoma kufika 100.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye mchanga na mfuniko juu ya jiko, waya ukiwa ndani, utafanya kazi hiyo hiyo, ila itakubidi ukae nayo ukipunguza na kuongeza moto kama mtu anayepika githeri.

Baada ya hapo ni kusaga. Saga umbo lote kwa grainda, na ndoo ya maji iwe mguuni. Kwenye grainda ya mezani mimi hushika kwa mikono mitupu. Glavu zinaweza kuvutwa na jiwe, na pia zinakuficha habari: kidole kikiungua ujue chuma kinaelekea kuharibika, ichovye majini. Karibu na makali, chovya kila ukipitisha mara moja. Ukiona doa la bluu pale makalini, sehemu hiyo imelegea na hakuna sala itakayoirudisha. Saga mpaka doa liishe. Meno ya tupa yaondoe yote kwenye eneo la makali. Ubavuni ukipenda acha alama zake kidogo kama urembo, hapo hazidhuru. Mkia wa tupa mara nyingi kiwandani huachwa mlaini, kwa hiyo kutoboa matundu ya mpini kwa drili kunawezekana. Drili ikiteleza, funga ubapa kwa kitambaa kilicholowa maji na uuchome mkia peke yake hadi bluu.

Njia ya pili, ya makaa na nyundo, ni ya siku utakapotaka umbo ambalo tupa haikupi. Hapo lazima uanze upya kabisa, na kila hatua ina mtego wake.

Saga meno kwanza, kabla ya nyundo. Meno yakikunjwa ndani ya chuma yanakuwa mianzo ya nyufa ambayo huioni hadi siku ya matiko. Choma hadi sumaku isishike, uzike tupa katikati ya debe la majivu makavu, uiache usiku kucha. Asubuhi utaikata kwa msumeno wa chuma. Ukifua, fua ikiwa na rangi ya chungwa na uache mara tu inapofifia kuwa wekundu wa giza. Nyundo kwenye chuma kilichopoa huzaa nyufa. Kisha ipe mapumziko mara tatu: ichome kupita kidogo pale sumaku inapoachia, iache ipoe hewani hadi weusi, na kila mara joto liwe pungufu kidogo ya lililotangulia. Mapumziko hayo ndiyo yanayozirudisha chembe zilizonenepa kuwa ndogo. Watu huyaruka kwa sababu hayaonyeshi kitu kwa macho. Ungeyafanya, hata lile jua lako la Jumamosi lingekusamehe nusu.

Kabla ya matiko, makali yasiwe membamba. Acha unene wa kadi mbili za benki zilizobanwa pamoja, kama milimita moja na nusu, la sivyo yatajikunja au kupasuka. Futa mikwaruzo yote, hasa ile inayokatiza ubapa, na pembe kati ya ubapa na mkia izungushe kwa tupa ya duara. Ufa hupenda pembe kali kama kunguni anavyopenda mshono wa godoro.

Sasa subiri jua lizame. Choma polepole, ukiugeuza ubapa, ncha ikiwa nje ya kiini cha moto maana ndiyo huwahi kuiva. Gusisha sumaku mara kwa mara. Sumaku huacha kushika karibu na nyuzi 770. Tupa yako inataka kidogo juu ya hapo, 790 hivi, na isifike mbali. Gizani utaona kivuli kikitembea ndani ya wekundu, kisha chuma king'ae sawasawa. Kivuli kikiisha, umefika. Kuna na hila ya chumvi: chumvi safi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Punje chache ubavuni zikianza kuyeyuka, acha kupuliza, hapo ndipo mpaka.

Mafuta yawe ya kupikia, lita nne au tano, ndani ya kopo refu la chuma. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza bolti ya moto. Wengi hudhani mafuta baridi hupoza haraka zaidi. Ni kinyume: ya vuguvugu ni mepesi, huuzunguka ubapa vizuri. Na haraka inahitajika, kwa sababu feleji ya namna hii lazima ishuke chini ya nyuzi 540 ndani ya sekunde moja hivi, la sivyo inageuka laini. Maji hupoza haraka kuliko mafuta, ndiyo, na viwanda vya zamani vya tupa vilitumia maji ya chumvi. Lakini chuma kinapogeuka kigumu huvimba kidogo. Majini ngozi huwahi kuvimba na kukauka wakati moyo bado ni moto, halafu moyo nao unavimba ndani ya ngozi isiyonyumbuka. Ile "tii" yako ilikuwa hiyo. Kuhusu oili chafu ya injini, iache kwenye injini. Ni nzito, hupoza polepole, na moshi wake una masizi na vyuma ambavyo mapafu yako hayakuviomba.

Tumbukiza wima, ncha mbele, hadi ubapa wote uzame, usogeze mbele na nyuma kama unayekata mkate. Usiuyumbishe ubavuni, utapinda. Mfuniko wa chuma uwe karibu. Mafuta yakishika moto funika, na maji yasiguse kabisa. Hesabu hadi nane, utoe, uangalie. Ukiwa umepinda kidogo una sekunde chache tu, ungali moto wa kutoweza kushikwa, kuunyoosha kati ya mbao mbili. Ukishapoa usiuguse kwa nguvu. Jaribu kwa tupa nzima: kwangua kwanza ile ngozi nyeusi, na tupa iteleze kama juu ya chupa. Ikiuma, chuma hakikushika; rudi kwenye sumaku.

Kisha, siku ile ile, saa ile ile, kwenye oveni. Nilishawahi kuuacha ubapa mezani nikasema nitautuliza kesho, nimechoka. Asubuhi nilikuta umepasuka peke yake, hakuna aliyeugusa. Kipimo ni kile kile cha nyuzi 200 hadi 220, saa mbili mara mbili. Wa kazi nzito zaidi, kama wa kukatia mifupa midogo, upeleke 240.

Ukishanoa, kijaribu hivi: laza makali juu ya fimbo nyembamba ya shaba, uyakandamize kwa pembe ile ya kunolea hadi uyaone yakipinda kidogo, uyapitishe urefu wote. Yakipinda na kurudi, nipigie vigelegele. Yakikatika vipunje, rudisha kwenye oveni kwa nyuzi 15 zaidi. Yakibaki yamepinda, umeyalegeza mno, na hapo hakuna njia ila kurudia matiko.

Jambo dogo ambalo mke wako atakuuliza kabla yangu: chuma hiki hushika kutu. Kata kachumbari, uache kisu kwenye sinki na maji ya nyanya na ndimu, asubuhi utakikuta na madoa meusi. Kioshe, kikaushe, kipake tone la mafuta ya kupikia.

Sasa vipande vyako vilivyokatika. Kama mkato ni wa kijivu laini, kipande kirefu kitoshe kisu cha kuchorea mbao, urefu wa kidole, kwa njia ile ya kwanza ya oveni na ndoo. Ukikuta sukari, kipe kwanza yale mapumziko matatu na matiko mapya. Zile tupa za pembe tatu za kunolea misumeno, ambazo lazima zimo kwenye debe la seremala, usizifanye visu kabisa. Ni nyembamba mno. Ziondoe meno, zitulize, zitakuwa sindano nzuri za kutobolea ngozi. Na ile moja iliyo nzima kuliko zote, yenye mpini aliouchonga baba mwenyewe, iache kama ilivyo. Utaihitaji kujaribia nyingine.